Siku ya Kwanza, Mara ya Tatu

Benchi la mbele ya kibanda cha Regina, hapo sokoni Kianjai, huwa la watu watatu. Leo lina wawili, kwa maana Kiambi ameketi ng'ambo ya barabara, juu ya jiwe, maski kidevuni. Kazi yake ni kufunga miraa. Mwenzake wa meza moja alipatikana na korona, naye akaambiwa ajitenge siku kumi na nne. Analala kwenye stoo ya mbao, hatua mia tu kutoka mlangoni kwake, na hizo hatua mia, jamani, ndizo zinamuua. Kila jioni anamsikia Rwamba, binti yake wa miezi minane, akilia, na hawezi kumbeba.

Regina aliweka kikombe cha chai katikati ya barabara, akarudi nyuma. Kiambi akakiendea.

— Tajiri amesemaje? aliuliza Muriuki, tunayemwita Bunge kwa kupenda hoja.

— Ati yeye hulipa kwa kila bunda la miraa nililofunga. Hakuna bunda, hakuna pesa.

— Aai! Mtu akijitenga anatukinga sisi wote. Hiyo si kazi? Alipwe mshahara wa kujitenga!

— Wacha hizo, alisema Lennox, aitwaye Daktari kwa sababu aliwahi kufagia zahanati. Korona ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kiambi aingie shamba alime, itachoka iende zake.

— Bora aandikwe kabisa! alidakia Bunge. Mgonjwa wa pamanenti, na pensheni juu!

Wakacheka. Kiambi naye akacheka, lakini macho yalikuwa kwa njia ya nyumbani.

— Kwani siku zako haziishi? aliuliza Daktari.

— Nilifika ya kumi. Akina mama wa kanisa wakaja na unga, wakanishika mikono, tukaomba. Mmoja akapatikana nayo. Nesi akanirudisha siku ya kwanza. Nikafika ya tisa, mkaja nyinyi na viazi. Bunge ukanikumbatia, na wiki hiyo hiyo ukapatikana nayo. Wewe umeshapona ukaachiliwa, mimi nesi alinirudisha tena siku ya kwanza, bado nahesabu.

Bunge aliangalia viatu vyake.

— Sasa tungekuacha ulale njaa?

Kiambi hakuwalaumu hata kidogo. Kila alichokula kilikuja na mikono hiyo hiyo. Wasipokuja, njaa, wakija, siku ya kwanza.

— Basi tumwekee chakula kwa jiwe, turudi nyuma kama hivi kwa chai, alisema Regina.

— Kama mbwa? Bunge aliruka. Kwetu mgonjwa husalimiwa kwa mkono!

Hapo akatokea Cicily, mke wa Kiambi, Rwamba mgongoni. Akasimama mbali na mumewe, kando ya benchi.

— Baba Rwamba, unarudi nyumbani lini?

Bunge alimtazama Daktari. Daktari akamtazama Regina. Regina akainamisha thamosi. Haikuwa na kitu.

Kiambi aliinua mikono yote miwili kama mtu asiyejua, pale pale kwenye jiwe. Rwamba akanyoosha yake, akingoja kubebwa.