Barabara ya Mifenesini Imefika Ukutani

Risala ya wakazi wa Mifenesini, Bigwa, kwa mgeni rasmi, siku ya kuzindua barabara ya mtaa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Athanas Lubengo, mlezi wa Kamati yetu ya Urasimishaji wa Makazi. Mwenyekiti wa mtaa. Padri na shehe mliokubali kukaa meza moja. Wageni waalikwa, na wakazi wenzetu mliokosa viti: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wakubwa wote, shikamooni.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu sana Mifenesini. Kabla ya yote tunaomba radhi kwa kuhamisha sherehe bila kukutaarifu. Kadi uliyopewa ilisema tungekutana kwenye ofisi ya mtaa. Baadaye kamati ilikaa, ikaona kwamba mtu anayekuja kuzindua barabara ni adabu akae barabarani. Ndiyo maana turubai limefungwa hapa, katikati ya barabara yenyewe, na meza yako imeelekezwa kwenye ukuta huu mrefu wa matofali ya saruji. Akina mama wameufunika kwa vitenge ili usikuchoshe macho. Tumekuona uliposhuka kwenye gari ukautazama, ukamtazama dereva wako, kisha ukautazama tena. Wala usijali, hata sisi siku ya kwanza tulishangaa hivyo hivyo.

Anayeisoma risala hii ni katibu wetu, Bi Winfrida, lakini maneno ni ya wote. Likikuudhi neno lolote, ukimtafuta aliyeliandika utatukuta sote.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, mtaa huu haukupangwa na mtu. Ulianza na mashamba ya mboga, akaja mmoja akanunua kipande, akaja mwingine, kila mtu akajenga alivyopenda. Kuna nyumba inayotazama mlima wa Uluguru, na kuna nyumba inayotazama choo cha jirani. Barabara hatukuwa nayo. Tulikuwa na hodi. Mtu wa juu akitaka kwenda mjini alibisha hodi kwa wa chini yake, akaitikiwa karibu, akakatisha uani, akabisha hodi kwa anayefuata, hivyo hivyo mpaka lami. Ukiwa na haraka ulikuwa umeumia, maana huwezi kukatisha uani kwa mtu bila kumwuliza watoto hawajambo.

Aliyekaa juu kuliko wote ni Bi Martina, mkulima wa nyanya na kabichi, pamoja na mumewe, Mzee Gabrieli, aliyetufundishia kwaya kwa miaka mingi. Wengi wenu mnawajua. Mzee Gabrieli alipopatwa na kiharusi, mguu mmoja ukagoma kabisa. Siku ya kliniki vijana walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakambeba begani kuteremka naye. Sasa kazi ikawa moja: mgonjwa mwenyewe ndiye aliyebisha hodi. Kila ua walioingia alitaka kiti kishushwe amsalimie mama mwenye nyumba, aulizie kuku wake, aonje chai. Alipofika hospitali, daktari alikuwa ameshavua koti.

"Baba Lucy," Bi Martina alimwambia siku moja, "unaumwa au unafanya kampeni?"

"Nikipita kwa mtu kimya atasema nimekufa," akajibu Mzee Gabrieli.

Tulicheka sana. Lakini masika yaliyofuata alizidiwa mvua ikinyesha, udongo ukateleza, na vijana wakaanguka naye nyuma ya nyumba ya jirani yetu Kasiani. Bi Martina alikaa chini kwenye tope, akamshika mumewe kichwa, akalia mbele ya watu. Hatukuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, na hatukupenda. Tangu siku ile alikuwa na ombi moja tu duniani, gari lifike mlangoni kwake.

Mgeni rasmi, wewe ndiye uliyemletea matumaini. Ulikuja kwenye mkutano wetu wa kwanza wa urasimishaji, ukapanda juu ya benchi, ukasema kila mwenye kiwanja akate kipande atoe kwa ajili ya barabara. Ukasema pia, na hapa tunakunukuu: "Ardhi ya barabara haina mwenyewe. Atakayekuta amejenga juu yake asisubiri kuambiwa. Achukue nyundo abomoe kwa mkono wake, awe mfano." Tulipiga makofi mpaka benchi likayumba.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi na tunayataja kwa furaha.

Tulipata mtaalamu wa mipango miji, Bi Mwanaheri, mama mpole mwenye subira ya ajabu. Alitandika rasimu ya mchoro kwenye meza ya ofisi ya mtaa, akatuita tuitazame na kutoa maoni. Maoni tulikuwa nayo. Kila mmoja alitaka barabara ipite kwa jirani yake lakini imfikie yeye. Kila mmoja alikubali kwamba eneo la wazi ni muhimu sana kwa watoto, na akaonyesha kwa kidole shamba la mwenzake. Ndugu Fidelis aliomba barabara ipindishwe kidogo ikwepe choo chake kipya, ikagundulika kwamba ikipindishwa hivyo itapita sebuleni kwa shemeji yake. Akasema hilo halimsumbui.

Bi Mwanaheri alitusikiliza wote, kisha akatueleza kwamba barabara ikipandishwa mlima moja kwa moja, siku ya mvua itakuwa mto. Kwa hiyo aliichora ikikata mteremko kwa kona pana, mtaro ukiwa upande wa juu, na vitalu vya viwanja huku na huku. Tukakubali, tukasaini, kila mmoja akiamini kwamba aliyeumia ni mwenzake.

Baada ya hapo alikuja mpima, Bwana Geofrey, akachomeka vigingi kuonyesha barabara itakapopita. Vilikuwa vigingi vizuri, vimenyooka, ncha zake zimepakwa rangi nyekundu. Aliporudi kuangalia kazi yake, upande wa juu hakukuta hata kimoja. Aliviona baadaye, vyote vimesimama shambani kwa Bi Martina, kila kimoja kikiwa kimefungiwa mche wa nyanya.

"Mama, hivi ni vigingi vya barabara!" akasema Bwana Geofrey.

"Shikamoo hujanipa, unanipigia kelele," akajibu Bi Martina. "Nimevikuta vimesimama bure. Nikajua serikali imekumbuka wakulima."

Kwa haki yake ni lazima tuseme kwamba nyanya za msimu ule zilikuwa nzuri kuliko zote, na Bwana Geofrey aliondoka na ndoo nzima. Vigingi vilirudishwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba barabara inapita katikati ya jiko la Bi Martina, lile banda la matofali alilojengewa na mumewe kabla hajaugua. Tulijua jiko lile lilivyo kwake.

Bi Martina alisimama mlangoni mwa jiko akauliza, "Likiondoka hili, gari litafika?"

"Litafika, mama. Mpaka hapa ulipokanyaga."

"Mheshimiwa alisema tusisubiri kuambiwa," akasema, akaingia ndani kutafuta nyundo.

Mgeni rasmi, alilibomoa mwenyewe. Mzee Gabrieli alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akimwimbia ili asichoke, na mpaka leo wanapikia chini ya bati lililoegeshwa. Baada ya kumwona mama yule na vumbi kichwani, nani tena angebaki na uso wa kubishana? Kasiani alikata ua wake siku iliyofuata. Fidelis alikihamisha choo. Waliokuwa wamegoma waligomoka. Bikoni za zege za kuonyesha mipaka zikazikwa, viwanja vikapata namba, na kila mtu akajenga uzio kwenye mpaka wake mpya kama mchoro ulivyotaka. Haya ni mafanikio makubwa, na chanzo chake ni maneno yako.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto tunayo moja. Iko mbele yako, imevaa vitenge.

Wakati sisi tukibomoa majiko na vyoo, ukuta huu ulikuwa unapanda. Umeanza bikoni ya upande huu, ukavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, ukafika mtaroni, ukakunja kona kupanda mlima. Mwenye ukuta hatumjui. Mlinzi wake, Ndugu Sufiani, ni kijana mwenye adabu, lakini tukimwuliza mwenye mali ni nani anajibu neno moja tu, "Bosi." Leo asubuhi gari lako lilipokaribia alisimama wima akapiga saluti, na kabla hujashuka akawa ameshafungua geti la ukuta huu. Tulimsifu kwa kuheshimu wageni.

Tulimwita Bi Mwanaheri aje na mchoro wake. Alipima, akapima tena, akaikunja karatasi. "Barabara ipo, wakazi," alisema. "Ipo humo ndani." Ndugu Sufiani, aliyekatazwa na Bosi kupitisha mtu yeyote, alituruhusu tuchungulie kidogo, na kweli tuliiona, imenyooka vizuri. Bata mzinga walikuwa wanatembea katikati yake. Hatuna ugomvi na bata mzinga. Kwa sasa ndio watumiaji pekee wa barabara ya Mifenesini, na hatujasikia ajali yoyote.

Watu wa juu wanaoweza kuruka wanapita pembeni, kwenye ukingo wa mtaro, mmoja mmoja, wakishikilia matofali. Kiti cha plastiki hakipiti hapo. Na zile njia za zamani za uani hazipo tena, maana tulizifunga wenyewe kwa nyuzio mpya tukijua barabara inakuja. Kwa hiyo Mzee Gabrieli amekosa barabara na amekosa hodi. Tangu ukuta huu uvuke, hajafika kliniki. Mguu wa pili nao umeanza kumsumbua, na kuimba ameacha.

Kamati ilitaka kuiandika aya hii kwa ukali. Bi Martina akakataa. "Msimtukane mtu," alisema. "Mwambieni tu kwamba nilibomoa jiko langu ili gari lifike, na sasa mume wangu hana hata pa kubisha hodi." Tumeiandika kama alivyosema, na tunakiri kwamba Bi Winfrida ameifanyia mazoezi nyumbani ili asilie akiisoma.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba utufikishie salamu kwa mwenye ukuta. Hatuna uhakika kama mnafahamiana, lakini tunadhani mnakutana mara kwa mara, hasa wakati wa kunyoa ndevu mbele ya kioo.

Pili, tunaomba umweleze yale maneno uliyoyasema juu ya benchi. Akiyasikia kwa sauti yako tunaamini yatamwingia. Akisema barabara ikipita itamgawanyia kiwanja chake, mwambie yupo mama mmoja iliyempitia jikoni.

Tatu, bata mzinga wahamishwe kwa heshima zote. Bi Martina yuko tayari kuwapokea wakati wowote, na hakuahidi kuwarudisha.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ratiba inasema sasa ni kukata utepe. Utepe ni ule mwekundu uliofungwa juu ya vitenge, pale katikati ya ukuta, mahali Bwana Geofrey alipotuwekea alama asubuhi. Unaowaona wakiondoa vitenge ni wanakamati. Na mama anayekuja kwako na sinia lililofunikwa kitambaa cheupe ndiye Bi Martina, amevaa gauni lake la Pasaka. Usishangae kuona sinia linamlemea. Mkasi tuliutafuta, tukaona kwa utepe huu hautatosha. Iliyo chini ya kitambaa ni nyundo ileile aliyobomolea jiko. Amesema anakuazima bure, ameiosha, na mpini ameufunga kitambaa usije ukachubuka mikono.

Hatukuombi ubomoe wote. Hiyo kazi tutaimaliza sisi, vijana wameshavua mashati. Tunakuomba pigo la kwanza tu, uwe mfano.

Jambo la mwisho. Mzee Gabrieli hakuweza kuhudhuria, lakini yupo. Ndugu Sufiani, kwa adabu yake ileile, alimfungulia geti la nyuma alfajiri, na vijana wakamteremsha mpaka upande wa pili wa ukuta huu. Amekaa pale kwenye kiti chake, kando kidogo ili tofali lisimguse, na ameisikia risala hii tangu mwanzo. Tulimwuliza ana neno gani kwa mgeni rasmi. Akasema yeye kazi yake ni moja, wewe bisha hodi, yeye ataitikia karibu.

Mungu akupe nguvu za mkono na wepesi wa moyo, Mheshimiwa, akubariki wewe na nyumba yako, na ailinde kila familia iliyotoa kipande chake ili mwenzake apite.

Ni sisi,
Wakazi wa Mifenesini,
wa huku na wa ng'ambo ya ukuta.