Yai Jichoni mwa Baya

Mbele ya duka la simiti kule Mtongwe, Likoni, pana ubao juu ya matofali, na habari haihesabiwi kuwa kweli mtaani mpaka ipitie hapo. Ndiyo maana Baya alipotoka hospitali ya macho na picha ndani ya simu, alifika kijiweni kabla ya nyumbani. Ni mwashi. Siku hizi kila ukuta alioujenga sawasawa aliuona umepinda. Akaurekebisha, ukapinda kweli, na kazi zikaanza kumpita. Sasa simu ilizunguka pamoja na kahawa. Pichani, ndani kabisa nyuma ya jicho lake palikuwa pekundu, na katikati doa la manjano.

— Hichi kiini cha yai, wallahi, alisema Rama, aitwaye Breki kwa kuwa hana.

— Mpiga picha wa hospitali asema ni ugonjwa adimu, Baya akajibu. Yeye mwenyewe hajauona ila kitabuni.

— Adimu? Nguma Darubini akampa mkono. Hongera, ndugu yangu. Sisi tuna presha, kama kila mtu.

Baya hakujua kama ashukuru.

Luqman, muuza kahawa, akaweka chini dele, birika lake.

— Ni yale mayai ya kuchemsha, kila jioni na kachumbari. Haba na haba hujaza kibaba.

— Yai lapandaje mpaka jichoni?

— Mvuke wapanda. Wewe wauona ukishuka?

— Mayai hayana makosa, akasema Nguma. Huyu ashinda juu ya kuta. Hilo ni jua lenyewe, limeingia likakosa pa kutokea.

— Yai lina mwenyewe, Breki akakata. Jini ametaga. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Kamba yaingia wapi hapo?

— Ngoja lianguliwe, utaiona.

— Basi asifumbe macho, litapata joto.

Baya akajikuta ameyakodoa. Akacheka nao.

Hapo akafika mkewe, Eddah, akitoka sokoni. Akasalimu, akaitazama picha.

— Na daktari alisemaje?

Breki akamtazama Nguma, Nguma akamtazama Luqman. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

— Baba Dhahabu, daktari alisemaje?

— Alipiga simu kuniita ndani. Mimi nilikuwa nishafika feri.

— Kwa nini hukungoja?

Baya alizungusha kikombe kitupu mkononi.

— Niliogopa, mama Dhahabu. Yule angesema upofu. Hawa wasema yai.