Vioo vya Snehalata Vilivyopimwa Upya

Ndugu waombolezaji, familia imeniagiza mimi, Vinayak Londhe, niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, Snehalata Kamble.

Marehemu alizaliwa mjini Miraj tarehe 9 Agosti 1964, mtoto wa kwanza wa Bhaskar na Shantabai Londhe, akasoma hapo hapo hadi sekondari, mwaka 1982 akajiunga na chuo kikuu Kolhapur, na mwaka 1987 akaanza utafiti wa uzamivu wa fizikia chini ya Profesa Digambar Inamdar. Kazi yake ilikuwa kutumbukiza vipande vya kioo katika maji ya kemikali hadi vishike utando mwembamba wa manjano, kisha kupima utando huo unapitisha mwanga kiasi gani na umeme kiasi gani, kwa matumaini ya kupata umeme wa jua wa bei nafuu.

Tarehe 4 Machi 1991, siku sita kabla ya kutetea tasnifu yake, aligundua ufa kwenye kifuniko cha sanduku la giza la kupimia umeme. Utando ule ukipigwa na mwanga hupitisha umeme zaidi, kwa hiyo vipimo vya miaka miwili, vilivyokwisha kumpatia profesa sifa, havikuwa sahihi. Profesa alimsihi anyamaze mpaka mtihani upite, wazazi wa mchumba wake wakatuma ujumbe kwamba hawataahirisha harusi tena, na baba akamwambia afikirie umri wake. Baada ya siku mbili akaenda ofisini kwa profesa.

“Mwalimu, nikinyamaza, wenzangu watajenga juu ya kosa langu.”

“Ukiiondoa tasnifu, mimi sikusimamii tena.”

“Basi nitaanza upya bila wewe.”

Aliiondoa, uchumba ukavunjika, akatengeneza tando mia moja na arobaini nyingine chini ya msimamizi mwingine, akahitimu mwaka 1994 na kuajiriwa kufundisha chuoni. Tarehe 11 Mei 1996 alifunga ndoa na Mwalimu Prabhakar Kamble, wakajaliwa Nirmala na Suhas.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017. Madaktari hawakuthibitisha kwamba chanzo ni kemikali alizozishika miaka mingi bila glavu, lakini tangu hapo hakumruhusu mwanafunzi yeyote kuingia maabara mikono mitupu. Alifariki hospitalini Miraj tarehe 21 Januari 2024, mumewe na watoto wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, waumini wenzetu na walimu wenzake. Tunamshukuru pia Profesa Inamdar, aliyeketi hapa mbele, ambaye jana nilimpelekea karatasi hii nikitarajia alifute jina lake, akaisoma mara mbili, akanirudishia akiwa ameongeza kwa kalamu yake: “Alikuwa sahihi, nami nilijua siku ile ile.”

Lala kwa utulivu, Dada.