Rumondang na Likizo Aliyomwombea Mdogo Wake

Ndugu waombolezaji, wazee wa ukoo wa Siahaan mliotupatia mke, na ninyi majirani wa Balige, mimi Bistok Sitorus, mdogo wake mume wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu Rumondang, naye Sahala, ndugu yake pekee wa kiume, ambaye kwa mila zetu ndiye wa kumfunika dada yake kwa ulos, nguo yetu ya kufumwa, kabla jeneza halijafungwa, amekaa pale mbele tangu jana na nguo hiyo magotini, hainuki, nasi hatujui tumwambie nini.

Rumondang alizaliwa tarehe 4 Mei 1966 hapa Balige, kifungua mimba wa mzee Mangapul Siahaan, akasoma hapahapa hadi sekondari, mwaka 1985 akaenda Medan kusomea uhasibu, na mwaka 1990 akaajiriwa na kampuni ya ukaguzi Jakarta, ambako alichoka upesi kuhakikisha kwamba jumla zinalingana, akisema mwizi mwenye akili jumla zake hulingana daima, akahamia uhasibu wa kuchunguza ulaghai, kazi ya kufuata fedha ilikopita na mkono ulioipitisha, mahakama zikamwita shahidi, na watu wakapunguza kumwalika harusini kwa jinsi alivyokuwa akitazama nani kavaa nini.

Tarehe 12 Septemba 1992 alifunga ndoa na kaka yangu Marihot, wakajaliwa Togar na Uli.

Mwezi Februari 2009 mzee Mangapul alifariki, na Sahala, aliyekuwa mtunza fedha wa chama cha akiba cha wachuuzi wa soko, alimzika baba yake akarudi kazini siku ileile, sote tukamsifu kwa bidii, maana tangu aajiriwe hakuwahi kuchukua likizo, ila si Rumondang, kwa kuwa kazi yake ilimfundisha kwamba anayeiba polepole hathubutu kumwachia mwingine kiti chake, naye akampigia simu mwenyekiti wa chama.

"Mdogo wangu amechoka," alimwambia. "Mpeni likizo ya wiki mbili."

Sahala alimshukuru dada yake, akampelekea hata samaki wa arsik, aliyepikwa kwa viungo vya kwetu, na kabla likizo haijaisha aliyekalia kiti chake alikuwa ameona pengo katika fedha, akina mama wauza samaki wanalia nje ya ofisi.

Sahala alifungwa miaka minne, Rumondang akalipa karo za watoto wa mdogo wake, akawa anatoka Jakarta kila mwezi kwenda gerezani, na kila mwezi Sahala anakataa kuonana naye, nasi hadi leo tumegawanyika, wapo wanaosema alimwokoa kabla hajazama zaidi, wapo wanaosema damu ni nzito kuliko maji, na mimi, niseme ukweli, nimekuwa pande zote mbili kutegemea nimekaa na nani.

Machi 2024 madaktari waligundua kwamba Rumondang ana saratani ya kongosho, na tarehe 6 Agosti Sahala alikwenda hospitalini Medan bila kuitwa, wakajifungia chumbani, akatoka amekunja uso, na juzi tu ndipo aliponieleza.

"Nilikwenda kumwomba msamaha, akaniwahi, akaniomba yeye. Shemeji, kama alikosea, mimi nilifungwa kwa nini? Na kama hakukosea, msamaha aliuomba wa nini?"

Nilimpelekea mchungaji swali hilo, akakuna kichwa, na Rumondang, ambaye angeweza kutueleza, alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Medan, majirani waliopika bila kuuliza watakula wangapi, wafanyakazi wenzake waliotoka Jakarta, na akina mama wauza samaki, waliokuja wote, wala hatujui wanamlilia nani kati ya hawa wawili.

Shemeji Sahala, kwa mila zetu upande wa mume hauna mamlaka ya kukuamuru, kwa hiyo hii si amri, nakuomba, si lazima leo tujue nani alimkosea mwenzake, inuka umfunike dada yako.

Rumondang, mama Togar, lala kwa amani, sisi huku bado hatujaelewa.