Klaudia Mutembei na Macho Yasiyosubiri

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuchungulia macho ya watoto wa Bukoba na Muleba, Muuguzi Klaudia Mutembei anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni. Mrithi hatunaye. Tumeomba nafasi ijazwe, tukaambiwa tusubiri, neno ambalo Mama Klaudia hajawahi kulipenda. Kwa hiyo kliniki yake ya watoto kule Ijumbi inafungwa, na sherehe hii tunaifanya kwa moyo mzito.

Alianzia Kanazi. Tochi alikuwa nayo, lakini msimu ukifika alipimia senene, wale panzi wetu wa kuliwa: alimpitisha senene wa kukaanga mbele ya uso wa mtoto, akatazama kama macho yote mawili yanamfuata, kisha akamtafuna mwenyewe. Tulimtania kwamba msimu wa senene ndipo wagonjwa wake huongezeka.

Wazazi waliosema makengeza yatanyooka mtoto akikua, au wangoje kwanza kahawa ivunwe, walimjua kwa ukali. Aliwaeleza kwamba makengeza yasiyotulia baada ya miezi michache ya mwanzo yanataka daktari mapema, maana ni katika utoto huo ubongo hujifunza kuunganisha picha za macho mawili. Ukichelewa, upasuaji utanyoosha macho, lakini uwezo wa kuona kina cha vitu huenda usipatikane tena. Aliwafuata watu hadi migombani, hodi akiipiga huku ameshaingia. Wapo vijana wanaodaka mpira Kagoma leo kwa sababu ya ukorofi huo.

Nyumba moja tu ilimshinda. Binti yake aliolewa Muleba, akajifungua Dastan, mtoto mwenye makengeza. Bibi wa upande wa baba akasema yatapona yenyewe. Kwa adabu aliyolelewa nayo Klaudia, mama mkwe haendi kwa mkwewe mpaka aitwe. Akatuma ujumbe, akatuma tena, akangoja. Alipoitwa, Dastan alikuwa na miaka minne.

Upasuaji ulikwenda salama. Macho yakanyooka, ukoo ukachinja mbuzi. Majuma machache baadaye Klaudia alimpa mjukuu kikombe cha uji, na mkono wa mtoto ukafumbata hewa kando ya kikombe. Alitusimulia hayo kazini akilia, nasi tukalia naye. Tangu hapo utani wake umepungua, na inatuuma kumuaga akiwa hivyo.

Mama Klaudia, asante kwa kila mtoto uliyemwahi. Tunakutakia maisha mema yenye mapumziko, wajukuu karibu, na usingizi usio na lawama.

Wageni waalikwa, zawadi itakabidhiwa na Dastan, ambaye sasa yuko darasa la pili. Mkono wake ukipita pembeni, tafadhali msicheke, wala msimwelekeze. Mwacheni bibi yake amsogelee.