Dawa ya Kichwa kwa Mgongo

Tulipotoka Kasese kwa teksi ya abiria kumi na wanne, mbele yangu aliketi Kavira, mama Mkongo anayebeba mizigo mpakani Mpondwe. Alimwonyesha jirani yake, nesi aliyevaa sare, pakiti ya vidonge.

“Dada, angalia. Naumwa mugongo, wananipatia dawa ya wazimu! Jirani yangu anakunywa hii hii, na yeye anaongea na mbuzi. Kesho nairudisha.”

“Mbuzi anamjibu?” nesi aliuliza. Teksi nzima ikacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nasikiliza.

“Mama, ukiwa na gunia mgongoni na kamba kwenye paji la uso, unaumwa?” nesi aliendelea.

“Hapana. Nikikaa ndiyo inanikamata.”

“Umeona? Mwili ukifanya kazi hutoa dawa yake wenyewe, ndugu wa mofini, ile dawa kali ya maumivu ya hospitali. Hiyo pamoja na serotonini, kemikali ya ubongo, huzuia maumivu kwenye uti wa mgongo yasipande kichwani. Yako imechoka. Kidonge kinaongeza serotonini, kinaisaidia.”

Niliona ni wajibu wangu kuwajulisha kwamba serotonini hiyo hiyo mara nyingine huzidisha maumivu. Nimelisoma hilo.

“Kweli, mzee,” nesi alisema bila kugeuka. “Ndiyo maana atarudi kliniki tumwangalie.”

“Basi siko wazimu?” Kavira aliuliza.

“Hauko wazimu, mama. Unaumwa.”

Teksi ilisimama Bwera, nesi akashuka. Kavira, ambaye nauli yake ilikuwa ya kufika Mpondwe, akaruka nyuma yake na pakiti mkononi.

“Dada, ngoja! Nakunywa asubui ao mangaribi?”