Pai Mlangoni kwa Wasiokuwepo

Benchi la mbele ya mgahawa wa Verlene linatazamana na mahakama ya mji huu mdogo wa mashariki mwa Texas, na kando ya mahakama lipo lile jengo la matofali ambalo watu hulipita wakiongeza mwendo. Asubuhi hiyo Dewey Hatch alikuwa amekaa na kompyuta yake mapajani, uso umemshuka. Wenzake wa benchini humwita Bure, kwa kuwa programu zake huzianika mtandaoni pamoja na msimbo wake wote, atakaye achukue. Moja, Kengele, huwaonyesha wazimamoto wa kujitolea vijijini ni gari lipi liko karibu na moto. Sasa kampuni yenye chumba ghorofa ya juu ya jengo lile imemshtaki: eti wazo la kuonyesha gari la karibu kwenye ramani ni mali yake, na hataza, ile hati ya kumiliki ubunifu, inayo. Aizime Kengele leo kabla mahakama haijafunguliwa, la sivyo kesi itamlia nyumba. Inauma, tusidanganyane.

— Bure, kweli uliwapelekea pai? aliuliza Jaji, ambaye hajasomea sheria, ila hukaa viti vya nyuma mahakamani kusikiliza kesi za watu.

— Jana. Ya njugu za pekani. Si ndivyo tunavyofanya ukikosana na jirani?

— Jirani! Dizeli, fundi mstaafu wa malori, alicheka mpaka akakohoa. Mtu anakushtaki unamwokea? Ndiyo maana wakasema asiyekuwepo na lake halipo.

— Shemeji, hiyo methali umeikamata mkiani, Jaji akamwambia. Hao hawapo, na lao liko kila mahali.

Verlene alitoka na birika, akawaongezea kahawa.

— Milango yote mle ina majina ya kampuni, taa zinawaka mchana kutwa, na sijawahi kumuuzia hata mmoja wao kikombe. Nyie hamjiulizi?

— Wenyewe wako New York, alisema Jaji. Ili ushtaki hapa unatakiwa uwe na chumba hapa. Chumba tu. Mtu si lazima.

— New York wapi, Dizeli akadakia. Ni kompyuta ile. Inanunua hataza za waliofilisika, inashinda ikisoma programu za bure, ikiona kinachofanana, inashtaki. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Kimeingia, shemeji. Wewe fikiria tu.

— Kompyuta haihitaji kiti, alisema Verlene. Mimi nimechungulia. Kuna kiti kimoja, kimegeuzwa ukutani. Aliyebuni lile wazo alishakufa, jamani. Likauzwa, likauzwa tena, sasa halimjui mwenyewe. Linatafuta pa kukaa.

— Verlene, habari za mizimu asubuhi asubuhi hii?

— Nasema nilichokiona.

Dewey hakucheka.

— Nimerudi leo alfajiri, alisema. Pai iko vilevile. Sisimizi wamejipanga ukumbini, wakifika kwenye sahani wanaizunguka.

Sisimizi wa huku hutafuna hata nyaya za umeme. Dizeli aliyajua hayo kuliko wote, akaacha kutabasamu.

— Nikagonga mlango. Kimya. Nikapiga namba iliyoandikwa mlangoni huku nagonga. Simu ikaita mle ndani, ikapokelewa. Hakuna aliyesema. Nikawa nasikia simuni mlango unagongwa, nikajua ni mimi. Nikaacha kugonga.

— Halafu?

— Kwenye simu ukaendelea kugongwa.



— Wakili wako anasemaje? Jaji aliuliza polepole.

— Anasema tukipigana tunaweza kushinda, maana wapo waliolifanya jambo hili kabla ya hataza yao. Itachukua miaka.

— Basi pigana, bwana.

— Nipigane na nani, Jaji? Nitajie mtu mmoja, niende nikakae naye.

Dewey akafungua kompyuta. Aliogopa, na aliona haya kwa kuogopa. Akaizima Kengele pale pale benchini, mbele ya rafiki zake, na saa ya mahakama ikagonga.

Hawajanyanyuka, gari la zimamoto likaegeshwa mbele yao. Akashuka mwanamke wa makamo mwenye viatu vizito, simu mkononi.

— Shikamooni. Namtafuta Bwana Hatch. Mimi ni Arlette, natoka kikosi cha kule mtoni, nilikuwa napita hapa mjini. Ramani yetu imekufa sasa hivi.

— Nimeizima, mama, alisema Dewey. Wazo lina mwenyewe. Yuko jengo lile.

Arlette alilitazama jengo, akawatazama wao. Hakuwa na hasira hata kidogo.

— Sawa. Kama ni lake, ni lake. Sasa moto ukiwaka leo, tumwite nani?

Dizeli alikuna kidevu. Verlene alishusha birika. Arlette aliendelea kusimama pale akisubiri, kwa sababu alidhani wanafikiria.